Mlo wa Vegani Katika Baa ya Kijiji Iliyokarabatiwa, Cotswolds

Baa nyingi za vijiji vya Uingereza zikikarabatiwa hubadilishwa viti, taa na rangi ya kuta, kisha orodha ya vyakula ikaongezewa mstari mmoja kwa ajili ya vegani, yaani wasiokula kitu chochote kitokanacho na mnyama, na mara nyingi mstari huo huwa baga ya mboga iliyotolewa kwenye friza. Baa niliyokula Jumapili iliyopita, katika kijiji kimoja cha Cotswolds, eneo la vilima kusini-magharibi mwa Uingereza, upande wa mkoa wa Gloucestershire, imefunguliwa tena hivi karibuni baada ya matengenezo makubwa, na inaonekana fedha hazikuishia ukumbini; zilifika hadi jikoni.

Kuhusu jengo sina mengi ya kusema. Ni la mawe ya chokaa yenye rangi ya asali, kama yalivyo majengo mengi ya eneo hilo, na waliolitengeneza wamekuwa na busara ya kuziacha boriti nyeusi za dari pamoja na meko kubwa ya zamani. Kasoro ni kelele: sakafu ya mawe haina zulia hata moja, na ukumbi ukijaa inabidi mtu apaze sauti ili asikike na mwenzake wa meza moja.

Jumapili katika baa za Kiingereza ni siku ya nyama ya kuoka, viazi, mboga na mchuzi mzito, na desturi mbaya iliyozoeleka ni kumpa vegani sahani hiyo hiyo iliyoondolewa nyama. Hapa nililetewa kipande kinene cha mkate wa dengu, uyoga na kokwa za jozi, uliookwa mpaka ukoko wake ukawa mgumu kiasi cha kulia chini ya kisu, huku ndani ukiwa bado na unyevu na vipande vya jozi vinavyotafunika. Mhudumu, kijana mpole aliyekubali kwenda jikoni kuuliza badala ya kubahatisha, alinieleza kwamba badala ya mayai mchanganyiko huo hushikanishwa kwa mbegu za kitani zilizosagwa na kulowekwa. Viazi vilikuwa bora kuliko vyote: vilichemshwa kwanza, vikatikiswa sufuriani mpaka kingo zikachubuka, ndipo vikaokwa katika mafuta ya mimea yaliyokwisha kupata moto, na zile kingo zilizochubuka ndizo zilizogeuka kuwa ganda la dhahabu ambalo watu wa meza ya jirani, waliokuwa wakila nyama ya ng'ombe, walikuwa wakiligombania sahanini mwao.

Mchuzi ndio mtihani halisi wa mlo wa namna hii, kwa sababu mchuzi wa Jumapili hutokana na mafuta na maji ya nyama, na mpishi mvivu huishia kumpa vegani maji ya kahawia yenye chumvi. Wa hapa ulitengenezwa kwa vitunguu vilivyokaangwa polepole, uyoga mkavu na kijiko cha Marmite, lile rojo jeusi la hamira linalotokana na mabaki ya utengenezaji wa bia, na ulikuwa na uzito na ukali uliostahili. Niliomba bakuli la pili nikaletewa bila nyongeza ya bei.

Sikufurahishwa na Yorkshire pudding, andazi la kuokwa linaloliwa pamoja na mlo huo wa Jumapili. Andazi hilo huumuka kwa nguvu ya mayai, na la kwao lisilo na mayai wala maziwa lilikuwa kavu juu na limekandamana chini. Afadhali wangeliacha kabisa na kuongeza viazi.

Jambo linalohitaji tahadhari ni orodha ya mzio. Sheria ya Uingereza humtaka muuza chakula aweze kumwambia mteja kama chakula kina kimojawapo cha vitu 14 vinavyosababisha mzio, na maziwa, mayai na samaki vimo, lakini nyama na mafuta yake havimo. Kwa hiyo viazi vilivyookwa katika mafuta ya ng'ombe vinaweza kuonekana havina tatizo lolote katika orodha hiyo, na njia pekee ni kuuliza. Nilipouliza habari za chipsi za siku za kazi, niliambiwa bila kuzungushwa kwamba hukaangwa katika mafuta ya mimea, ila mashine ni ile ile inayokaangia samaki. Ningependa maelezo hayo yaandikwe kwenye orodha ya vyakula, maana si kila mteja atauliza.

Bia ni hadithi hiyo hiyo. Bia ya pipa inayovutwa kwa mkono kwa desturi husafishwa kwa kitu kinachotokana na vibofu vya hewa vya samaki vilivyokaushwa, kiungo kile kile ambacho wavuvi wa sangara wa Ziwa Victoria hukiita bondo na kukiuza ghali kuliko minofu. Ingawa samaki yumo katika vile vitu 14, akitumika kwa namna hiyo kusafishia bia, sheria haidai atajwe. Siku hizi viwanda kadhaa vimeiacha njia hiyo, lakini kati ya bia za pipa zilizokuwapo mhudumu aliweza kunihakikishia moja tu, na hiyo ilikuwa imekwisha. Nikanywa sida, kileo cha tufaha, ambayo nayo ilibidi tusome chupa yake.

Kwa kitindamlo kulikuwa na tufaha na forosadi za kuoka zilizofunikwa kwa unga wa shayiri, pamoja na kastadi ya maziwa ya shayiri iliyokuwa nyepesi mno. Matunda yenyewe yalikuwa na uchachu mzuri, nami niliyamaliza.

Sahani kuu ni pauni 17, wakati ya nyama ya ng'ombe ni pauni 21, bei ambayo kwa kazi iliyofanywa jikoni naiona ni ya haki. Anayetaka meza ya Jumapili aweke nafasi mapema na aombe ya karibu na meko, ambako kelele hupungua kidogo.