Santa Fe kwa RV: liache kambini, mji utembee kwa miguu

Kama unafikiria kukodi RV, lile gari lenye vitanda, jiko na choo ndani, ukaione Santa Fe kule New Mexico, nenda. Ila usiingie nalo katikati ya mji. Santa Fe ilianzishwa na Wahispania mnamo 1610, mitaa yake ya kale ni ya punda na mikokoteni, na gari refu halipati pa kugeuzia. Sisi tuliliacha kambini upande wa barabara ya Cerrillos, tukalichomeka umeme na maji, tukapanda basi la jiji. Anayependa treni anaweza kuweka kambi Albuquerque na kupanda Rail Runner, inayomshusha kituo cha Railyard, hapohapo Santa Fe. Kutoka hapo unatembea tu.

Kilichonishika zaidi ni majengo. Mama alikuwa nasi, amekuja kututembelea kutoka Njombe, na alipoona ukuta wa kanisa la San Miguel alisogea kuugusa. "Haya si matofali mabichi haya?" Ndiyo hasa: udongo, maji na nyasi kavu, yakaanikwa juani, kisha ukuta ukakandikwa. Tangu 1957 mji una sheria inayolinda sura hii katika eneo la kihistoria, kwa hiyo hata hoteli mpya inabidi ifanane na nyumba za udongo, ingawa nyingi ni saruji iliyopakwa rangi ya tope. Kwetu mtu akipata fedha, nyumba ya udongo ndiyo ya kwanza kubomolewa. Hapa matajiri wanazigombania. Mama alilizungumza jambo hilo siku nzima, na mimi bado ninalifikiria.

Palace of the Governors, ikulu ya zamani iliyo kwenye uwanja wa Plaza, usiipite. Mwaka 1680 Wapueblo, wenyeji wa asili wa eneo hili, wakiongozwa na mwenzao Po'pay, waliwafukuza Wahispania, wakaushika mji huu miaka 12. Leo chini ya baraza la ikulu hiyohiyo mafundi wenyeji hutandika mikeka na kuuza vito vya fedha na feruzi walivyotengeneza wenyewe au jamaa zao. Bei si ndogo, lakini unaongea na aliyekitengeneza au jamaa yake. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha.

Loretto Chapel, kanisa dogo la zamani, ina kiingilio. Ngazi yake ya mbao inazunguka mara mbili bila nguzo ya kati, nayo ni nzuri kweli, ila huruhusiwi kuipanda.

Chakula ni pilipili. Utaulizwa nyekundu au ya kijani; ukitaka zote mbili, sema "Christmas". Posole ni mahindi yaliyokobolewa na kuchemshwa hadi yapasuke, kama makande yasiyo na maharage. Mara nyingi huwa na nyama ya nguruwe, kwa hiyo wasioila waulize kwanza.

Sasa gari. Kutoka Albuquerque ni kama kilomita 100, na kilima cha La Bajada kinalichosha gari zito, hivyo panda taratibu. Mji uko juu ya mita 2,100, juu kuliko Nairobi. Siku ya kwanza kunywa maji mengi, na usiku beba blanketi hata kiangazi. Kampuni iliyotukodisha gari haikutuonyesha namna ya kumwaga tangi la choo, na hita ya maji iligoma usiku wa baridi. Simu yao haikupokelewa mpaka asubuhi. Kabla ya kusaini, dai kila kitu kiwashwe mbele yako: jiko, hita, jenereta.

Nafasi kambini wekeni mapema. Agosti kuna soko kubwa la sanaa za wenyeji, na Oktoba tamasha la maputo ya hewa moto la Albuquerque hujaza kambi za eneo zima. Nikirudi nitachagua mwishoni mwa Septemba.