Mungomi wa Kolo kwa miguu: mlima ni mfupi, kazi iko mchangani

Anayetaka twiga na gari la wazi aende Mikumi au Ruaha. Kolo si hifadhi ya taifa, hakuna geti lenye pembe za nyati, na mnyama mkubwa utakayekutana naye njiani ni ng'ombe wa mtu. Lakini kwa mkazi wa Dodoma mwenye Jumamosi moja mkononi, hatujui njia nyingine ya kutembea iliyo karibu kiasi hiki na yenye cha kuonyesha namna hii. Kutoka mjini hadi kijiji cha Kolo ni kama kilomita 180, lami tupu, barabara ileile ya Kondoa na Babati. Juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, nje ya kijiji, kuna miamba iliyochorwa ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Eneo lote lina kilomita za mraba 2,336, na miamba yenye michoro humo inazidi 150. Mungomi ndiyo maarufu kuliko yote, na ndiyo tunayoipima hapa.

Tunaipa nne kwa tano. Hiyo moja tumeikata kwa sababu ya mto, si mlima.

Kwanza, kufika. Kwa basi, panda la Babati au Arusha pale kituo kikuu cha Nzuguni, na umwambie konda "Kolo" kwa sauti, mara mbili. Ukimezwa na kelele akasikia Kondoa, utashushwa mjini Kondoa, kilomita 25 hivi kabla ya unakokwenda, na siku itaanza kwa kutafuta usafiri mwingine. Kwa gari binafsi, ondoka saa kumi na moja alfajiri. Saa mbili na kitu utakuwa Kolo jua likiwa bado halijakasirika. Usiunganishe moja kwa moja kwenda milimani: kwanza ni ofisi ya kituo pale kijijini, ulipe kiingilio na upewe mwongozaji. Bila mwongozaji hupandi, na hata ungeruhusiwa usingeiona nusu ya michoro. Hakikisha simu ina salio la kulipia na chaji ya kutosha, kwa kuwa vituo vya serikali siku hizi hulipisha kwa namba ya kumbukumbu, na mtandao vijijini huja na kuondoka. Wakati mnasubiri risiti, pitia chumba kidogo cha maonyesho. Dakika kumi zinatosha.

Kutoka kijijini hadi chini ya mlima ni kama kilomita tisa za vumbi, na hapa ndipo safari nyingi huharibika. Njia inakata mto wa msimu: kiangazi ni uwanja wa mchanga mtupu, masika ni mto kweli. Mchanga huo una asili yake. Vilima vya Irangi ni kati ya ardhi iliyoliwa na mmomonyoko kuliko nyingi nchini. Makorongo mekundu utayaona kushoto na kulia, mengine yana kina cha kumeza nyumba. Hali ilifika pabaya hadi serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye sehemu iliyoharibika zaidi. Miti imerudi sana tangu hapo. Udongo ulioshuka haukurudi; umelala mitoni, na ndio unaoshika tairi lako.

Kwa hiyo IST iache kijijini, na Noah vilevile, hata dereva aapie jina la bibi yake. Linalohitajika ni gari la juu, linalovuta tairi zote nne. Kabla ya kuingia mtoni, shuka uvuke kwa miguu. Mchanga wenye unyevu kidogo ni mgumu na unabeba. Mkavu unaozamisha kisigino unabeba kwa shida. Ule uliojaa maji, unaotikisika kama uji ukiukanyaga, usiuguse kabisa, kwa sababu hapo gari halikwami tu, linakaa. Punguza upepo wa tairi hadi kwenye psi 20 hivi: tairi linatandaza tumbo, uzito unagawanyika, nalo linaelea badala ya kuchimba. Ingia na gia ya pili, mwendo mmoja, usifunge breki katikati, usikate kona kali. Likianza kuzama, acha kukanyaga mafuta palepale. Kosa la karibu kila dereva ni kukanyaga zaidi, na ndani ya sekunde kumi tumbo la gari linalala mchangani. Toa mchanga mbele ya tairi zote nne kwa koleo, tandika matawi au mkeka wa miguuni, kisha toka taratibu, ikibidi kwa kurudi nyuma ulikotoka.

Bodaboda za Kolo zinavuka vizuri kuliko magari mengi. Abiria hushuka na kutembea sehemu ya mchanga, basi. Kwa msafiri mmoja au wawili tunaona ndiyo njia bora, mradi mkubaliane bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kabla pikipiki haijawashwa.

Kuanzia Desemba hadi Aprili, angalia mawingu ya vilimani, si yaliyo juu ya kichwa chako. Mvua inaweza kunyesha mbali, wewe ukiwa juani, na maji yakashuka kwa mkupuo. Maji yanayokimbia yakipita magoti, hakuna kuvuka. Miezi yetu ni Juni hadi Septemba, asubuhi zina baridi ya sweta na mto umekauka. Mei pia inavutia, nyasi bado ni kijani, lakini kupe ndio wakati wao. Ingiza suruali ndani ya soksi.

Mlima wenyewe sasa. Ni mfupi: mtu wa mazoezi dakika ishirini, mwenye kitambi na pumzi za ofisini arobaini. Njia inapanda kwa ukali katikati ya vichaka na miti ya miombo, ikipita juu ya mabamba ya mwamba yenye changarawe. Kupanda kunachosha, ila kuteleza hutokea wakati wa kushuka, hasa pale changarawe kavu imekaa juu ya bamba laini kama gololi juu ya meza. Shuka kwa upande, magoti yamekunjwa kidogo, usiegemee nyuma. Usishike mti bila kuutazama. Mingi ina miiba.

Kuhusu viatu, tahadhari moja ambayo wauzaji hawaisemi. Buti za mitumba za kupandia milima, zile nzuri za Ulaya unazozikuta Sabasaba zikiwa kama mpya, mara nyingi zimekaa stoo miaka mingi. Tabaka la povu lililo kati ya soli na ngozi huoza kwa unyevu wa hewa hata kiatu kisipovaliwa. Dukani kinameremeta, mlimani kinaachia soli nzima. Kabla ya kununua, kikunje kwa nguvu na ubonyeze pembeni ya soli kwa ukucha: likimeguka kama biskuti, kiache. Raba ya kawaida yenye meno chini inatosha kabisa kwa Mungomi. Kandambili hapana.

Maji ni lita mbili kwa kila mtu. Njiani hakuna kisima wala kibanda, na mwamba ukishapata joto unarudisha jua usoni kama bati. Chukua karanga au chapati, kofia, na mkoba wa mgongoni ili mikono ibaki huru.

Halafu michoro, ambayo ndiyo sababu ya yote haya. Miamba imeinama kama paa la banda, na chini yake kuna kuta zilizosimama wima. Huko ndiko wachoraji walifanyia kazi. Wageni wengi hufika wakihema, wanatazama ukuta, hawaoni kitu, wanapiga picha mbili na kutaka kushuka. Kosa ni haraka. Macho yametoka kwenye mwanga mkali. Yape dakika tano kivulini. Kunywa maji, kaa chini. Kisha tafuta mistari, si picha nzima: mstari mmoja mwembamba mwekundu, ufuate, utageuka mguu, mguu utakuwa na kiuno kirefu, juu yake kichwa kikubwa chenye mtindo wa nywele au pambo. Hapo ukuta unafunguka, na watu wanatokea mmoja baada ya mwingine, warefu, wembamba, wengine wameinama. Na twiga tuliosema hawapo Kolo, hawa hapa, wamesimama mwambani kwa rangi ya udongo mwekundu.

Ujue unachotazama. Michoro myekundu, yenye mistari myembamba, ni ya zamani zaidi na inahusishwa na wawindaji na wakusanya matunda; watafiti wengi wameisoma kwa kuitazama mila ya Wasandawe, jirani zetu wa magharibi wenye lugha ya kidoko, yaani yenye sauti za kugonga ulimi. Ile myeupe, minene, mara nyingi imechorwa kwa kidole juu ya myekundu na ni ya baadaye, ya jamii za wakulima. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alipiga kambi Kondoa mwaka 1951 kunakili michoro hii. Kundi moja la watu lililoko Kolo yeye aliliona kama mwanamke anayegombewa, akivutwa huku na huku. Waliomfuata wakasema hapana, ni ngoma ya uponyaji, mtu amepandisha na wenzake wanamshika. Mwombe mwongozaji akuonyeshe kundi hilo kwanza bila maelezo, uamue mwenyewe, ndipo asimulie.

Jambo linalowadanganya hata wazoefu ni michirizi myeupe. Si kila cheupe ni mchoro. Pimbi wana vyoo vyao maalumu kwenye nyufa za miamba, na mkojo wao ukikauka huacha mkanda mweupe au wa kahawia unaong'aa, ukishuka wima. Chumvi ya mwamba nayo hutoka na maji ya mvua. Mchoro una umbo na mpaka. Mkojo unafuata mteremko.

Mwanga mzuri ni pale ukuta mzima uko kivulini. Jua likiupiga nusu, nusu moja inaungua na nyingine inazama, na hakuna simu inayoweza kuokoa picha hiyo. Muulize mwongozaji ni mwamba upi unaingia kivulini saa ngapi, mpange mzunguko kwa kufuata hilo. Zima flashi, simama upande badala ya kuukabili ukuta, gusa mchoro kwenye kioo cha simu ili mwanga upimwe pale na si kwenye anga iliyo nyuma yako. Ukirudi nyumbani, programu ya DStretch, ambayo ilitengenezwa kwa ajili ya michoro ya miambani, huvuta wekundu uliofifia na kukuonyesha miguu na mikia ambayo jicho liliipita.

Usimwagie ukuta maji ili rangi ing'ae. Zamani watu walifanya hivyo kwa ajili ya picha. Maji yakikauka huvuta chumvi kutoka ndani ya jiwe na kuacha utando mweupe usiotoka. Usiguse pia, jasho na mafuta ya vidole ni yaleyale. Na usiokote kitu chini. Kwa Warangi Mungomi bado ni mahali pa matambiko, si makumbusho, kwa hiyo ukikuta majivu au dalili za pombe iliyomwagwa, vipite kwa adabu. Manukato makali acha Dodoma: nyufa zina nyuki.

Ukiwa na siku ya pili, lala Kondoa mjini na uende Fenga, kaskazini mwa Kolo, kwenye mchoro unaojulikana wa tembo aliyezungukwa na watu. Pahi na Thawi ni za wenye muda zaidi. Kuzibana zote siku moja pamoja na Mungomi hatushauri. Utakumbuka vumbi tu.

Mwisho kuhusu zile tairi. Mkishavuka mto kurudi, jaza upepo tena kwa pampu ya mkono kabla ya kugusa lami, hata kama kila mtu amechoka. Tairi la psi 20 likikimbizwa spidi ya 80 linapinda kuta zake kila mzunguko, linapata moto kutoka ndani, na linaweza kupasuka kabla hujaiona Kondoa.