Muhula wa kwanza umeisha, ada yetu imefanya kazi gani?

Mwanangu yuko darasa la nne, shule binafsi ya mchepuo wa Kiingereza hapa Dar. Ziara ya Bagamoyo nawapa tano bila kinyongo. Waliwapeleka magofu ya Kaole, kijana karudi anasimulia msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo za mawe ya matumbawe, mpaka baba yake akapunguza sauti ya taarifa ya habari amsikilize. Kuogelea sawa tu, bwawa la kukodi.

Kero ni sherehe ya kufunga. Kila mtoto kapewa cheti (wangu kapata cha "tabasamu bora", jamani!), halafu mchango wa maturubai na keki ukaletwa WhatsApp usiku, juu ya ada. Ripoti yenyewe upande wa Kiswahili: "Vizuri, ongeza bidii." Bidii ya wapi? Nilipomfuata mwalimu alifungua daftari la insha, akanionyesha aya zote zinaanza na "halafu". Si angeandika hivyo hivyo? Upimaji wa kitaifa uko mbele. Julai namrudisha, ila mchango wa keki wasinitumie tena.