Nimesoma The Dead Zone ya Stephen King: karama iliyokuja mpenzi ameshaolewa

Ukisikia jina la Stephen King unajiandaa kwa mazimwi na damu. The Dead Zone, iliyotoka 1979, ina damu ya kiasi, na zimwi lake ni mwanasiasa. Mimi ilinihuzunisha kuliko ilivyonitisha. Akija mtu anataka riwaya ya taharuki kuhusu mwenye karama ya kuona yaliyofichika, na hapo hapo anataka mapenzi na msiba wa familia, hii ndiyo namtajia kwanza.

Johnny Smith ni mwalimu kijana katika jimbo la Maine, Marekani. Oktoba 1970 anatoka na mpenzi wake Sarah, mwalimu mwenzake, wakaburudike kwenye maonyesho. Johnny anacheza gurudumu la bahati na kushinda mfululizo, anaondoka na zaidi ya dola 500. Sarah tumbo linamchafuka, basi Johnny anamfikisha kwake, kisha mwenyewe anachukua teksi. Teksi inapata ajali, na Johnny anapoteza fahamu kwa takriban miaka minne na nusu.

Hapo ndipo kitabu kilinishika. King anamwacha Johnny kitandani na kuwafuata waliobaki. Mama yake, Vera, alikuwa mcha Mungu tangu zamani. Sasa imani yake inaanza kuparaganyika, hadi anajiunga na watu wanaosubiri visahani vya angani vije kuwachukua. Herb, baba mtu, ni fundi seremala asiye na maneno mengi. Anamtazama mkewe akipotea huku mtoto naye amepotea, na ndani kabisa kuna siku anatamani mwanawe afe, yaishe. Hakuna anayemzika Johnny, na hakuna anayeweza kusema yuko hai. Msiba usio na matanga ni mgumu kuuandika, ila hapa umeandikwa bila kelele, kwa mazungumzo mafupi ya simu na ukimya wa mezani.

Johnny anaamka Mei 1975. Vita vya Vietnam vimekwisha, Rais Nixon ameshajiuzulu, na miguu ya Johnny inahitaji kupasuliwa mara kadhaa ili atembee tena. Sarah ameolewa na ana mtoto wa kiume. Na sasa Johnny akimshika mtu au kitu chake, anaona. Anamwambia daktari wake, Sam Weizak, kwamba mama yake, ambaye daktari aliamini alifia Poland wakati wa vita, yuko hai Marekani. Daktari anampigia simu mama huyo, anaisikia sauti yake, kisha anakata bila kujitambulisha. Niliposoma hapo niliweka kitabu chini kwanza.

Lakini tukio linalonirudia zaidi ni dogo kuliko hilo. Sarah anakuja kumtazama hospitali. Wanashikana mikono, na Johnny anajua papo hapo pete ya ndoa ya Sarah, aliyoipoteza wakati wa fungate, iko wapi: imenasa kwenye sanduku la safari. Anamwambia. Fikiria, mwanamume anampenda mwanamke, na karama yake inamsaidia kumrudishia pete aliyovishwa na mwingine! King haongezi maelezo, wala hayakuhitajika. Baadaye wawili hawa wanapewa alasiri moja tu ya kuwa pamoja, na kwa maoni yangu ni mapenzi yaliyoandikwa kwa adabu na uchungu kuliko riwaya nyingi zinazojiita za mapenzi.

Taharuki ipo ya kutosha. Sherifu wa mji wa Castle Rock anamwomba Johnny amsaidie kumnasa muuaji wa wanawake, na sura hizo unazimaliza bila kuinua kichwa. Muuaji simtaji. Baadaye Johnny anampa mkono Greg Stillson, mgombea wa jimbo la New Hampshire anayevaa kofia ngumu ya ujenzi na kuwachekesha wapiga kura, na anachokiona kinamnyima usingizi. Anaanza kuuliza watu: kama ungeweza kurudi mwaka 1932, ungemuua Hitler? Jinsi swali hilo linavyokaza kamba hadi kurasa za mwisho mtaona wenyewe.

Sasa manung'uniko yangu. Vera amechorwa kwa mkono mzito. Mara nyingi anaongea kama kipeperushi cha dini, na nilitaka kumwona mara moja tu kama mama aliyechoka. Sarah naye anafifia sehemu ya katikati hadi nikamsahau kwa kurasa nyingi, jambo lisilopaswa kutokea kwa mwanamke anayebeba moyo wa hadithi. Halafu sura za Stillson za mwanzoni zinakatiza msiba wa familia ukiwa umepamba moto. Nilikuwa nazipitia haraka nirudi kwa Herb. (Zinakuja kulipa baadaye, nakiri, ila subira inahitajika.) Ukiwa huwezi kuvumilia riwaya inayobadilisha mwelekeo kila baada ya sura kadhaa, leo ya hospitali, kesho ya upelelezi, keshokutwa ya siasa, hii itakuchosha.

Filamu yake ya 1983, iliyoongozwa na David Cronenberg, nayo ni nzuri, na Christopher Walken, anayeigiza Johnny, ana uso wa mtu aliyeamka akakuta dunia imemwacha. Ila imebidi ipunguze, na kilichopunguzwa sana ni wazazi. Anza na kitabu.