Pantone Color Bridge: uzoefu wangu na kitabu hiki kwenye uchapaji wa rangi nne

Kama unachapa ofseti ya CMYK (wino nne: saiani, majenta, manjano na nyeusi), nunua hiki kitabu cha sampuli za rangi za Pantone kabla ya kile chao kingine, Formula Guide. Formula Guide inaonyesha wino uliochanganywa tayari, basi. Color Bridge inaweka pembeni yake namba ileile ikiwa imechapwa kwa wino nne, na asilimia zake chini. Mteja anaona kinachopotea kabla pleti za kuchapia (moja kwa kila wino) hazijachomwa.

Na kinachopotea si kidogo. Orange 021, chungwa kali la Pantone, inafubaa, maana vitone vya majenta juu ya manjano havifikii ukali wa wino wa chungwa wenyewe. Reflex Blue, buluu yao nzito, huishia zambarau. Majenta ikipanda kidogo tu mashineni, buluu imepotea. Mimi huacha saiani iizidi majenta kwa asilimia 30 hivi: unapata buluu ya kweli, ingawa si Reflex. Rangi za kuwaka kama 802, au fedha ya 877, usizitafute humu. CMYK haiziwezi.

Chukua seti yenye vitabu vyote viwili vya Color Bridge. Namba zinazoishia CP ni za karatasi ya kung'aa, UP ni za karatasi isiyopakwa, kama bondi. Ukipeleka asilimia za CP kwenye bondi, karatasi inakunywa wino, vitone vinatanuka, na rangi inatoka chafu na bila uhai.

Asilimia ziandike kwa mkono kwenye faili, usiiachie programu igeuze yenyewe. Ukitoa PDF, chagua kuhifadhi namba. Profaili (maelezo ya rangi ya kila mashine na karatasi) zikigongana, chungwa la 0/65/100/0, yaani saiani 0, majenta 65, manjano 100, nyeusi 0, inaweza kutoka na saiani 3 au 4, na chungwa haisamehi saiani.

Kasoro: bei ni kali, na kurasa hubadilika rangi kwa mwanga na kushikwashikwa. Wenyewe Pantone wanashauri ununue kipya kila miezi 12 hadi 18 (biashara nayo imo, lakini manjano kweli huchakaa). Kisome chini ya taa ya D50, yaani kelvini 5000, si tyubu za karakana. Tena asilimia zake ni za mashine yao. Kwa nembo muhimu, chapa viraka kwenye mashine na karatasi yako, ukipandisha na kushusha kila wino kwa asilimia 5, kisha pima kwa spektrofotomita, kifaa cha kupimia rangi. Delta E 2000 (kipimo cha tofauti kati ya rangi mbili) ikiwa chini ya 2, mimi napitisha. Isiposhuka hapo na mteja hakubali, lipisha pleti ya tano, ya wino wa Pantone wenyewe.