Kupendezesha nje ya nyumba kiangazi kikiisha: ununue nini kwanza kama hela ni kidogo na muda ndo hakuna kabisa

Kiangazi kinaisha, watoto wanarudi shule, sare zinatakiwa, madaftari yanatakiwa, na ule mpango wa kuipendezesha nyumba kwa nje likizo hii umeliwa na likizo yenyewe. Ukuta una michirizi ya matope, mlango rangi imepauka, taa ya mbele haiwaki na hakuna anayekumbuka iliungua lini. Ila bado kuna wiki chache za jua, na huu ndo wakati maduka mengi yanashusha bei ya vitu vya nje kwa sababu yanataka kutoa nafasi kwa bidhaa za msimu unaofuata. Kwa hiyo bado unaweza kufanya kitu, swali ni uanze kununua nini.

Hapa nimepanga vitu kuanzia cha kwanza mpaka cha mwisho kwa kuangalia mambo matatu: hela inayotoka, masaa yanayoliwa, na la tatu ambalo kwangu ndo kubwa kuliko yote, yaani ukikatizwa katikati inakuwaje. Nyumba yenye watoto hupati siku nzima ya kufanya kazi moja, mara mmoja ameanguka, mara mwingine anataka kupelekwa mahali, mara wageni wamefika. Kazi ambayo ukiiacha nusu nyumba bado inaonekana vizuri kuliko jana, hiyo ndo kazi ya familia yenye shughuli nyingi. Ile ambayo ukiiacha nusu unabaki na makopo barazani na ukuta wa rangi mbili, hiyo isubiri hata kama duka linaiuza nusu bei.

Namba 1: vifaa vya kuoshea

Najua wengi wanataka kuruka hapa waende moja kwa moja kwenye rangi, usiruke. Kuta nyingi zinazoonekana zimechoka zina vumbi, ukungu na matope tu, na ukishaziosha unakuta rangi iliyoko chini bado nzima. Nunua brashi ya nywele laini yenye mpini mrefu, ndoo mbili, sabuni ya maji ya kawaida na mpira wa maji wenye kichwa cha kurekebisha. Hivyo vinne vinatosha kwa nyumba nyingi. Kwenye ukuta paka sabuni kuanzia chini kwenda juu, halafu suuza kuanzia juu kwenda chini, kwa sababu maji ya sabuni yakitiririka kwenye ukuta mkavu mchafu yanaacha michirizi ambayo inasumbua kutoka.

Sehemu zenye ukungu wa kijani au mweusi, blichi iliyopunguzwa na maji inafanya kazi, lakini mwagia mimea iliyo karibu maji safi kabla na baada, vaa glavu, na usiichanganye kamwe na siki wala dawa yoyote ya kusafishia yenye amonia maana inatoa gesi ya sumu. Hili naomba ulichukulie kwa uzito, hasa kama watoto wanakusaidia kazi.

Mashine ya kuoshea kwa presha je? Kodi, usinunue. Utaitumia siku moja au mbili kwa mwaka halafu ikae stoo. Ukiikodi angalia vile vichwa vyake vya rangi, kila rangi inaonyesha maji yanatawanyika kwa pembe ya nyuzi ngapi: kwenye mashine nyingi nyekundu ni nyuzi 0, njano 15, kijani 25, nyeupe 40, na kadiri nyuzi zinavyopungua ndo maji yanavyokata zaidi. Ukutani tumia nyeupe ukiwa umesimama mbali kidogo, kwenye sakafu ya saruji kijani inatosha, na nyekundu iache kwenye boksi. Usielekeze maji chini ya vigae vya paa, kwenye kingo za madirisha wala kwenye soketi. Na watoto wasiiguse kabisa, ule mkondo wa maji unaweza kupenya ngozi, na jeraha lake hata likionekana kitundu kidogo tu linatakiwa hospitali siku hiyo hiyo.

Ukikatizwa? Hakuna shida, umeosha upande wa mbele leo, wa pembeni utaosha wikendi nyingine, hakuna atakayejua.

Namba 2: rangi ya mlango wa mbele

Hapa ndo hela ndogo inaonekana kuliko mahali pengine popote, kwa sababu kila anayekuja macho yake yanatua mlangoni. Mlango wa kawaida upande mmoja una kama mita za mraba 2, na lita moja ya rangi nzuri inafunika kama mita 10 kwa mkono mmoja, kwa hiyo nusu lita inakutosha mikono miwili na ka akiba ka kufutia mikwaruzo. Sasa kwa vile unanunua kidogo hivyo, nunua rangi ya bei ya juu. Kwenye ukuta mzima tofauti ya bei ingekuumiza, kwenye mlango haikuumizi, na rangi nzuri inavumilia jua na mikono ya watoto.

Chukua rangi ya akriliki, yaani ya maji, ya kupakia nje, yenye mng'ao wa kati au mkubwa, kwa sababu zile zisizong'aa zinashika alama za vidole na ukizisugua zinapauka. Rangi ya mafuta ni ngumu kweli, lakini inachukua usiku mzima kukauka na mlango wa familia hauwezi kukaa wazi usiku mzima. Rangi ya maji kwa kawaida unaweza kurudia mkono wa pili baada ya masaa machache, soma kwenye kopo lako.

Kabla hujanunua jua mlango wako una rangi gani sasa hivi. Chukua pamba, ilowekwe spiriti, sugua sehemu iliyojificha: rangi ikitoka kwenye pamba ni ya maji, isipotoka ni ya mafuta. Kama ni ya mafuta lazima upige msasa na upake praima ya kushikia, yaani rangi ya chini ya kutangulizia, ndo ije rangi ya maji juu yake, ukipaka hivi hivi itabanduka kama ngozi ya kitunguu. Mlango wa chuma wenye kutu, toa kutu kwa brashi ya waya halafu paka praima ya kuzuia kutu. Na kama nyumba ni ya zamani sana kuwa makini na vumbi, rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, Marekani kwa mfano ilizipiga marufuku kwenye nyumba mwaka 1978. Risasi ni hatari zaidi kwa watoto wadogo, kwa hiyo kama una wasiwasi usipige msasa mkavu, pimisha kwanza au tafuta fundi anayejua kazi hiyo.

Hali ya hewa sasa. Rangi nyingi za maji zinataka joto lisilopungua nyuzi 10 za Selsiasi, usiku pia, ndo maana nasema fanya sasa kabla msimu haujageuka. Lakini usipake jua likiwa linapiga mlango moja kwa moja, rangi inakauka kabla haijajilaza na unabaki na alama za brashi. Anza asubuhi mapema ili jioni mlango uweze kufungwa, kama ulibandika tepu kwenye kingo itoe rangi ikiwa bado mbichi kidogo, na kumbuka kwamba kukauka kwa kugusa sio kukomaa, rangi inahitaji wiki kadhaa kuwa ngumu kabisa, kwa hiyo siku za mwanzo mlango unaweza kung'ang'ania fremu. Rangi nyeusi na zile zilizokolea zinavuta joto sana, kama mlango wako ni wa plastiki na unatazama jua la mchana chagua rangi isiyokolea, la sivyo mlango unaweza kupinda.

Ukikatizwa baada ya praima, sawa, unaendelea kesho. Ukikatizwa katikati ya mkono wa rangi, mlango wa mbao wenye paneli malizia angalau paneli uliyoianza.

Namba 3: taa

Taa zinapanda juu hivi kwa sababu familia yenye shughuli inaiona nyumba yake usiku zaidi kuliko mchana, mnatoka mapema mnarudi giza, na siku zinavyoanza kuwa fupi ndo kabisa. Kitu cha kwanza kusoma kwenye boksi ni alama ya IP, inayoonyesha taa inazuia vumbi na maji kiasi gani. IP44 inavumilia maji ya kurukia, inafaa barazani chini ya paa. Taa inayonyeshewa mvua moja kwa moja tafuta IP65, hiyo vumbi haliingii na inavumilia maji ya mpira. Taa isiyoandikwa alama yoyote iache hata kama ni nzuri kuitazama.

Cha pili ni rangi ya mwanga, inaandikwa kwa K. Chukua 2700K mpaka 3000K, ni mwanga wa umanjano unaofanya ukuta wowote upendeze, na kwa kawaida unavuta wadudu kidogo kuliko ule mweupe. Ile 6500K ni nyeupe yenye ubluu, nyumba inaonekana kama karakana. Balbu iwe ya LED, inakula umeme pungufu kwa angalau robo tatu ukilinganisha na zile za kizamani za waya, na inadumu sana.

Sola au ya waya? Kama tayari kuna taa ya ukutani, badilisha hiyo hiyo, zima umeme kwenye mein swichi kwanza, na kama hujui waya ni wa nini muite fundi. Kama hakuna waya, sola ni sawa, ila nunua yenye betri unayoweza kuitoa na kuibadilisha, maana kwa kawaida betri ndo inachoka kwanza na zile zilizofungwa moja kwa moja unatupa taa nzima. Kama baraza lina kivuli chukua yenye paneli ya peke yake iliyounganishwa kwa waya, paneli unaipeleka juani. Vile vitaa vidogo vya kuchomeka bustanini vinavyouzwa kwa pakiti sivipendekezi, vingi mwanga wake hafifu. Ni bora taa moja ya maana yenye sensa ya mwendo pale mlangoni, ukiwa umebeba mtoto aliyelala na mifuko mikononi utaelewa kwa nini nasema hivi.

Namba 4: vitu vidogo vya mlangoni

Namba za nyumba, kitasa, kengele, zulia la kufutia miguu. Ni dakika chache kila kimoja. Namba ziwe na urefu wa kama sentimita 10 na rangi inayotofautiana kabisa na ukuta, ili dereva wa gari la wagonjwa azione usiku. Vyuma, kama unakaa karibu na bahari tafuta chuma cha pua daraja la 316, lile la 304 linaanza kupata madoa ya kutu kwa ajili ya chumvi. Zulia la makumbi ya nazi linakwangua matope vizuri lakini liwe chini ya paa, mahali pa mvua chukua la mpira.

Namba 5: vyungu, mimea na kokoto

Mimea ndo inayoshushwa bei sana msimu ukiisha, na hapo watu wananunua kwa macho. Acha ile iliyojaa maua leo, ni ya kumaliza wiki mbili. Chukua vichaka na mimea ya kudumu hata kama imesinyaa kwa juu, lakini itoe kwenye kopo lake uangalie mizizi: ikiwa myeupe na thabiti ni mizima, ikiwa ya kahawia inateleza na inanuka iache hapo hapo. Sehemu zenye majira ya baridi huu ni wakati mzuri kupanda vichaka kwa sababu udongo bado una joto. Vyungu viwili vikubwa pande mbili za mlango vinashinda vidogo kumi, na vikubwa havikauki haraka, hivyo ukisahau siku mbili kumwagilia havifi. Viwe na matundu chini. Vya udongo ni vizuri sana ila baridi kali ya kugandisha inavipasua.

Kokoto kwa njia ya miguu, hesabu yake rahisi: mita moja ya ujazo ukiitandaza unene wa sentimita 5 inafunika mita za mraba 20. Tandika kitambaa cha kuzuia magugu chini na weka kingo, bila kingo kokoto zitahamia kwenye majani na kwenye mifuko ya watoto.

Namba 6: viti na meza za nje

Bei inashuka kweli sasa hivi, lakini nunua tu kama una mahali pakavu pa kuviweka. Dukani tikisa meza, pindua kiti uangalie maungio, skrubu zenye kutu kabla hata hazijatoka dukani ni jibu tosha.

Namba ya mwisho: kupaka nyumba nzima

Sio kwamba haifai, inafaa sana, ila kwa familia iliyobakiwa na wikendi chache ndo kazi inayoachwa nusu kuliko zote. Kuna kukwangua, kuziba nyufa, praima, ngazi, mikono miwili, na mvua moja inavuruga ratiba yote. Kama huwezi kuvumilia, paka ukuta wa mbele peke yake kona mpaka kona, usikomee katikati. Nyufa ziba kwa sealanti ya akriliki, silikoni ya kawaida haishiki rangi. Plasta mpya iachie kama siku 28 ikauke.

Na kabla hujanunua kopo hata moja, bandika kipande cha nailoni ukutani kwa tepu pande zote nne, kikae siku nzima na usiku. Ukikuta matone upande wa ndani uliogusa ukuta, unyevu unatokea ndani ya ukuta wenyewe na rangi yoyote utakayopaka itavimba, hata ile ya gharama. Hela hiyo ipeleke kwenye gata zilizoziba au bomba linalovuja, ukuta ukae ukauke, na rangi uje uipange mapema msimu ujao watoto wakiwa bado shule.