Fiesta Rally3 kwenye Maramu ya Uganda: Gari la Pointi, Si la Sifa

Ukitaka kujua timu gani ya mbio za magari za rally itakuwa juu ya jedwali msimu utakapoisha, usianze na dereva. Nenda eneo la sevisi, uangalie kilichomo ndani ya lori la spea. Kwa macho hayo ndivyo tunavyolipima Ford Fiesta Rally3, gari la daraja la Rally3 ambalo timu yenye Mitsubishi Lancer Evo X iliyochoka ina kila sababu ya kuliulizia.

Linaundwa na M-Sport, kampuni inayotengeneza magari ya rally ya Ford, huko Poland. Injini ni ya silinda 3, lita 1.5 yenye turbo, na hewa yote hupitia kidhibiti chenye tundu la milimita 30. Nguvu zake ni za farasi 215 hivi, gia 5 za kuvuta na kusukuma, magurudumu yote manne yanavuta, na uzito wa chini unaoruhusiwa ni kilo 1,210. Lilipotoka 2021 bei yake kiwandani iliwekwa chini kidogo ya yuro 100,000. Gari la Rally2, daraja lililo juu yake, lenye injini ya lita 1.6 na farasi karibu 290, linagharimu kama mara mbili ya hapo.

Katika njia za mashamba ya miwa, kama zile za Lugazi na Kakira, ambako kona za mraba zinafuatana na miwa imefunga macho, Rally3 linapendeza sana. Ni jepesi, linasimama haraka, linageuka bila kubembelezwa. Shida yake ni mlima mrefu na njia iliyo wazi: hapo Rally2 litaondoka na hakuna ufundi wa dereva utakaolirudisha. Kwa hiyo anayelinunua akidhani atashinda mbio moja moja dhidi ya Rally2 zilizo nzima atalia. Anayetaka pointi kila raundi amepata gari.

Lakini pointi huja kwa gari lililofika mwisho, na maramu yetu, barabara za udongo mwekundu wenye mawe, hairuhusu uzembe. Mvua ikinyesha, tope jekundu hujaa mbele ya rejeta na kukauka kama tofali. Fundi asiyejua hukimbilia mashine ya maji yenye nguvu na kupiga kutoka mbele. Mapezi ya rejeta yanalala, na kwenye hatua inayofuata (kipande cha mbio kinachopimwa muda) joto linapanda. Toa bampa, mwaga maji ya kawaida kutoka upande wa injini kwenda nje, subiri tope lilainike, rudia. Kiangazi adui ni vumbi. Chujio la hewa libadilishwe kila sevisi, lisipulizwe kwa kompresa kisha kurudishwa, maana upepo huo hupanua matundu na vumbi laini huingia. Pitisha kidole ndani ya bomba lililo kati ya chujio na turbo: ukihisi mchanga, turbo imeshaanza kuliwa.

Pigo la pili ni mawe ndani ya mifereji ya tairi. Gari likiingia sevisi, simama ubavuni utazame nafasi kati ya tairi la mbele na fenda, kisha zunguka upande wa pili. Nafasi zikitofautiana, amu ya chini (mkono unaoshika gurudumu) au tairodi (fimbo ya usukani) imepinda, hata kama dereva anasema usukani uko sawa. Timu iliyojiandaa ina amu zenye bushi na boli joint tayari, na nakali nzima (kipande kinachobeba gurudumu) ikiwa na beringi na habu yake; inabadilisha na kupima magurudumu huku muda ukibaki. Timu inayoanza kutafuta presi ya kusukuma bushi itachelewa, na kila dakika ya kuchelewa kwenye kituo cha muda, pale waamuzi wanaposajili saa ya gari kufika, ni adhabu ya sekunde 10. Dakika 4 ni sekunde 40, ambazo dereva atazitafuta mchana kutwa.

Hapo ndipo Evo X bado ina heshima yake. Mitsubishi waliacha kuitengeneza 2016, lakini mafundi wa Kampala wanaifungua gizani, na spea nyingi ndogo utazipata Kisekka, soko la spea mjini humo, siku hiyo hiyo. Spea za mbio za Rally3 huagizwa Ulaya. Kwa hiyo kabla ya raundi ya kwanza lori liwe na amu mbili kila upande, drafshafti (vyuma vinavyozungusha magurudumu) mbili za mbele na mbili za nyuma, nakali moja kila upande, rejeta, klachi na rimu zisizopungua 12. Pungufu ya hapo, gari litakuwa linasubiri ndege wakati wenzake wanakimbia.

Ukinunua lililotumika, dai daftari la giaboksi linaloonyesha kilomita za hatua, si za barabara. Kagua rangi kuzunguka vichwa vya shokabsoba. Nyufa ndogo hapo maana yake bodi imechoka. Kagua pia miguu ya keji, fremu ya vyuma inayomlinda dereva, inapoungana na sakafu.

Manvir Baryan wa Kenya alitwaa ubingwa wa Afrika 2017, 2018 na 2019 akiwa na Skoda Fabia R5, daraja ambalo sasa linaitwa Rally2. Gari lilikuwa na kasi, ila mataji matatu mfululizo hayaji bila kumaliza mbio. Rally3 lina uimara wa kumaliza. Madereva wa ubingwa wa dunia wa vijana (Junior WRC) wanalitumia tangu 2022. Ila hela itakayobaki baada ya kulinunua isipotosha kununua giaboksi ya akiba, bakini na Evo mwaka mmoja zaidi.